Kichwa cha Gramu Kumi

Jumatatu, 6 Mei

Mama mkwe anakuja Jumapili. Ametanguliza santuri kupitia kwa mke wangu, imefungwa ndani ya foronya. Ni ya kwaya ya kiwanda alikofanya kazi marehemu baba mkwe. Upande wa kwanza, katikati ya wimbo, marehemu anaimba mstari mmoja peke yake. Nakala ni hiyo moja tu duniani, kwa kadiri tunavyojua. Mama mkwe hajaisikia sauti ya mumewe kwa miaka kumi na mmoja, tangu mashine yao ilipokufa, na mpaka juzi hakutaka kumwachia mtu santuri hiyo.

Nimejitolea kuipiga. Kwa nini nisijitolee? Mashine yangu ya santuri ina miaka arobaini na haina mpinzani. Mashine za watu wengine zina mkono unaozunguka kama mlango kwenye bawaba. Wangu unateleza kwenye reli, moja kwa moja, kutoka ukingoni hadi katikati. Nimewaeleza wageni jambo hili mara nyingi. Wengine wameacha kuja.

Shemeji, kaka wa mke wangu, amesema ataleta mashine yake iwapo yangu itasumbua. Ile ya bawaba! Nimemwambia asijisumbue. Huyu ni mtu anayetembea na mizani ndogo mfukoni ya kupimia uzito wa sindano. Mimi namwita Bwana Gramu. Mke wangu hapendi.

Jumanne, 7 Mei

Nimefanya majaribio kwa santuri yangu ya tarumbeta. Mkono ulikwenda vizuri dakika mbili, kisha ukagoma. Tarumbeta ikarudia sauti ileile mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza nani anaumwa.

Nikaipeleka kwa fundi redio. Akafungua, akamulika tochi, akasema ni mkanda wa mpira unaouvuta mkono. Umelegea. Akanionyesha mwingine, mdogo kama pete, akasema kazi ni ya robo saa.

Nilicheka. Mashine ya heshima kama hii iangushwe na kitu cha kufungia nywele! Tatizo ni kichwa, yaani kile kidude kinachobeba sindano. Sauti yote huanzia kwenye kichwa. Fundi akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamjibu kwamba mambo mengine mtu huzaliwa nayo. Akarudisha skrubu zake moja moja.

Jumatano, 8 Mei

Duka la vitu vikuukuu. Muuzaji alinipangia vichwa vitatu juu ya kitambaa.

Cha kwanza cheusi, plastiki, chepesi mno. Kina pini nne nyuma. Unakichomeka, unakaza skrubu moja, basi. Akasema ndicho kilichotengenezwa kwa mashine za aina yangu. Cha pili alikishika kwa namna ya kuficha sindano iliyopinda. Cha tatu kilikuwa cha chuma, rangi ya dhahabu. Kizito! Hakiingii mpaka ukifungie kipande cha kuunganishia. Muuzaji akakiri kwamba kina gramu kumi na mkono wangu umezoea sita. Akasema yeye asingenishauri.

Muuzaji anayekukataza kununua! Ni wazi alitaka kubaki nacho mwenyewe. Nikakichukua kabla hajageuza maneno.

Alhamisi, 9 Mei

Kichwa kimekaa. Kinapendeza ajabu. Mkono hausogei hata kidogo.

Nikaketi, nikafikiri. Mkono hutoka kulia kwenda kushoto. Basi ukiinua mashine upande wa kulia, utateremka wenyewe. Sijui kwa nini watengenezaji hawakuliona hili! Nikaweka kamusi. Mkono ukamaliza upande mzima wa santuri kwa sekunde nne. Nikatoa kamusi, nikaweka kitabu cha mapishi cha mke wangu, ambacho ni chembamba. Tarumbeta ikaenda karibu wimbo wote.

Mke wangu akatafuta kitabu chake nyumba nzima. Nikamsaidia kutafuta.

Ijumaa, 10 Mei

Bwana Gramu amepita, eti kumsalimia dada yake. Nilikuwa nimejiandaa: mashine nimeifunika kitambaa cha meza na juu yake nimeweka chombo cha maua. Mizani ikatoka mfukoni hata chai haijamiminwa. Akaomba kupima tu. Nikasema maua hayapendi kusogezwasogezwa.

Kisha akasema jambo kwa sauti ya chini, bila maringo. Kwamba sauti ya baba yao haipo mahali pengine popote, imo ndani ya vile vifereji vya santuri tu, na sindano nzito ikichimba pale, basi amekwenda mara ya pili. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Naye alisikia.

Niliona aibu, nakiri. Nilikaribia kuinua yale maua. Lakini alipokuwa akivaa viatu akataja kwamba mashine yake tayari iko kwenye buti la gari. Huruma ikaniisha palepale.

Jumapili, 12 Mei

Siku yenyewe. Mama mkwe aliketi karibu na spika, mkoba mapajani, amevaa kama mtu anayekwenda kupokea mgeni. Nilikuwa nimepunguza hotuba yangu kuhusu reli hadi dakika tano. Akanisikiliza zote. Yule mama ana adabu.

Kwaya ikaanza. Sauti tamu kabisa! Nikamtazama Bwana Gramu mpaka akatazama dari. Halafu kwaya ikanyamaza na marehemu akaingia peke yake: nifungulieni, nimefika.

Na mkono ukagoma.

Nifungulieni, nimefika. Nifungulieni, nimefika. Mke wangu akafunika uso kwa viganja. Bwana Gramu akasimama. Mimi nikanyoosha mkono kuinua sindano. Mama mkwe akatuzuia wote kwa kidole kimoja, akaomba tumwache.

Akasikiliza amefumba macho. Sikuhesabu mara ngapi. Kisha akacheka, machozi yanamtoka, akasema ndivyo alivyokuwa: anabisha hodi na kuita, anabisha na kuita, hakomi mpaka uache sufuria uende. Akaigeukia spika, akaijibu, pita basi, mlango uko wazi.

 

Baadaye akajifuta, akaomba sasa asikie wimbo unavyoisha. Mwishoni wanaitikia wake wa wafanyakazi, na yeye ni mmojawapo. Nikajaribu mara tatu. Marehemu hakuvuka mlango.

Hapo mke wangu akafungua pochi yake, akatoa mkanda wa mpira na kile kichwa cheusi cha pini nne. Alivinunua jana, asubuhi, akiwa amesema anakwenda kwa mshonaji. Bwana Gramu akafanya kazi juu ya meza yangu, kwa bisibisi yangu. Akapima, akaridhika. Robo saa. Mimi nilishika tochi. Chini ya mguu wa kulia akakuta kitabu cha mapishi, akampa dada yake bila neno. Laiti angesema neno!

Wimbo ukaenda hadi mwisho. Wanawake wakaitikia, na mama mkwe akaitikia pamoja na sauti yake ya ujana. Pale mkono ulipogoma sasa pana kamlio kadogo, tik, na hakatatoka tena. Bwana Gramu alikunja uso. Mama mkwe akasema ni komeo la mlango.

Jumanne, 14 Mei

Nyumba nzima inausifu mkanda wa mpira. Fundi amenisalimia kwa heshima ya kupita kiasi.

Lakini leo mama mkwe amepiga simu. Ameniita mkwe wangu mpenzi, jambo ambalo hajapata kufanya. Akasema wimbo ulikuwa mzuri, ila tangu Jumapili kinachomlia masikioni ni pale marehemu alipoita na kuita. Asante sana kwa pale, akasema.

Kwa pale! Na pale ni kazi ya nani? Ya mkanda? Nilijua tangu mwanzo kwamba kichwa cha dhahabu ndicho. Kosa lilikuwa moja tu: hakikuwa kizito vya kutosha. Nimepita dukani. Muuzaji anacho cha gramu kumi na nne. Safari hii alinisihi nisikinunue, kwa hiyo hakuna shaka ni kizuri. Santuri bado iko kwetu, na upande wa pili nao una mstari wa marehemu.

Mke wangu ameficha kitabu cha mapishi, na kamusi pia siioni. Albamu yetu ya harusi ina unene unaofaa kabisa.