Ajali Isiyoruhusiwa Kutokea

Kwa niaba ya Shirika la Umma la Bima na Subira, nina heshima kuwatangazia wananchi kwamba shauri la pikapu ya Bi Zamzam wa Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, limekwisha kwa mafanikio makubwa. Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Uchunguzi wa Ajali, kwa hiyo ninachosema nakijua.

Kila mwananchi anafahamu kuwa Jumapili, ikishagonga saa nane mchana, magari ni marufuku barabarani, ili taifa lipumzishe petroli. Bi Zamzam, muuza nazi, alitii. Pikapu yake ilikuwa imeegeshwa mbele ya nyumba yake tangu asubuhi. Saa tisa ikagongwa na gari la Pijo lililotokea upande wa Mnazi Mmoja. Akateremka mtu mnene mwenye suti ya mikono mifupi, akafungua vibao vya namba kwa bisibisi, akavitia kwapani, akaondoka kwa miguu, maana kutembea Jumapili ni halali. Mtaa mzima ulimtambua. Alikuwa Ndugu Filbert, Mkurugenzi wetu.

Bi Zamzam akaja ofisini kudai bima. Bila pikapu ya kumletea nazi kutoka Mkuranga, genge lake lingefungwa kabla mwezi haujaandama. Tulimpokea kwa heshima, tukampa benchi. Alilikalia benchi lile mpaka wafagizi wakazoea kumwamkia.

Hatimaye Kamati, pamoja na Mkurugenzi, ilikwenda Mkunguni kutoa uamuzi hadharani, mbele ya Mzee Bakili, balozi wa nyumba kumi. Pijo ilikuwa bado imeuma ubavu wa pikapu. Nilipanda juu ya kreti la soda nikaeleza kitaalamu: saa ile magari hayaruhusiwi kutembea, Mkurugenzi hawezi kuvunja sheria, kwa hiyo gari lake lilikuwa kwenye banda la ofisi, na limo humo hadi sasa. Pikapu, kwa hali hiyo, iliharibika kwa hiari yake. Fidia hakuna.

Watu waliguna. Jamaa mmoja akasema naizi, wakubwa wa maofisini, wakila nyama, kabwela hupewa kijiti cha kuchokonolea meno. Nilimpuuza kwa kuwa hakuwamo kwenye ajenda.

Bi Zamzam alijifunga khanga vizuri. "Mwanangu Katibu, gari la Mkurugenzi limo bandani?"

"Limo, mama. Kamati imethibitisha."

"Na hili hapa?"

Nikamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akatazama mawingu.

"Hili si letu," nikasema.

"La nani?"

"La mtu yeyote, isipokuwa sisi."

Mzee Bakili akauliza kama wote wamesikia. Wakasema wamesikia. Basi, akasema, mali isiyo na mwenyewe ndani ya nyumba kumi ni ya nyumba kumi, na nyumba kumi zinampa Bi Zamzam. Wananchi wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa mazoea.

Fundi Uwesu wa Gerezani aling'oa vipuri vya pikapu akavitia kwenye Pijo, vibao vya namba vikiwemo. Wiki haikuisha, nazi zikaanza kushuka tena Mkunguni.

Ndugu Filbert akaomba gari jingine wizarani. Wizara ikamjibu kwa busara kwamba Kamati yake mwenyewe imethibitisha kuwa gari lake limo bandani. Tukatumwa kulikagua. Banda lilikuwa tupu. Tukalikuta gari katika hali nzuri.

Tangu hapo Mkurugenzi huja kazini kwa miguu kutoka Magomeni. Juzi mvua ilijaza Jangwani. Tulikuwa tunavuka, yeye kashika viatu, mimi nimemshikia mwavuli, Pijo ikasimama kando yetu.

"Pandeni, Ndugu Mkurugenzi," akasema Bi Zamzam. "Mtakalia nazi, lakini mtafika."

Tukapanda nyuma. Dereva wake akashuka kutufungia mlango. Akaubamiza, ukakataa. Akaubamiza tena, ukarudi. Mkurugenzi, aliyekwishachelewa mkutano, akashindwa kuvumilia.

"Usiubamize bwana. Unyanyue kwanza, halafu ndiyo usukume. Ndivyo ulivyo siku zote."

Dereva akaunyanyua, akasukuma. Mlango ukaitika.

Bi Zamzam akageuka taratibu. "Umejuaje, Ndugu?"

Mkurugenzi alifikiri kwa muda unaolingana na cheo chake. Kisha akaunyanyua mlango, akausukuma, akashuka kwenye maji na viatu vyake mkononi.

Mimi nilibaki juu ya nazi, maana hakuna aliyeniuliza kitu.