Karani Kaniambia Nimwoneshe Maziwa

Wenzangu wa bweni,

Leo Mtambile nzima imenicheka, na wa kuwapa la kucheka ni mimi mwenyewe. Isomeni barua hii milango imefungwa, kisha ichomeni. (Najua hamtaichoma. Najua mtaisoma kwa zamu, na Salma ataisoma kwa sauti.)

Mnanijua. Ni mimi niliyekuwa wa kwanza kwa Kiswahili darasa zima. Ni mimi niliyekuwa nikisahihisha insha zenu kabla hazijafika kwa mwalimu. Liwekeni hilo akilini, maana leo nimeaibishwa na neno moja la Kiswahili ambalo hata mwanangu angekuwa na ulimi angelijua.

Mwanangu Hemedi ana miezi mitano. Tangu azaliwe hajaonja kitu ila ziwa langu. Hajaharisha hata siku moja. Akikushika kidole, utamwomba akuachie. Lakini mama mkwe wangu, Bi Kazija, haridhiki. Tangu vita vimekwisha na makopo ya maziwa yakarudi madukani, yeye na makopo ni mapenzi matupu. Wifi yangu Mize, binti yake, ana mtoto rika moja na wangu, jina lake Sefu, naye analelewa kwa kopo. Sefu kavimba mashavu kama yule mtoto wa Kizungu aliyechorwa juu ya kopo lenyewe. Basi kila nikikaa kitako kunyonyesha, nasomewa.

"Ntoto wa Mize umemwona? Huyo wako nyama zake ziko wapi?"

"Mama, Hemedi ana nguvu."

"Nguvu hazionekani. Mashavu yaonekana. Maziwa yako mepesi, mwanangu. Yameliwa na vitabu."

Yameliwa na vitabu! Jamani, mimi nilisoma kwa macho, sikusoma kwa kifua!

Mume wangu Salumu ni mtu mpole, hapendi kumuudhi mama wala mke. (Kwa hiyo hutuudhi sote wawili.) Akakata shauri: leo nesi wa Kizungu anakuja Mtambile kupima watoto. Nesi akisema Hemedi yuko sawa, maneno yaishe. Akisema kapungua, Hemedi aanze kopo leo leo. Na kopo lilikuwa limeshanunuliwa! Lilikaa juu ya kabati siku tatu, na yule mtoto mnene akinichekea kila nikipita.

Sasa sikilizeni hila yangu, maana ndiyo iliyoniponza.

Hemedi alinyonya alfajiri, akalala. Kwa kawaida humwamsha anyonye tena kabla jua halijapanda. Leo sikumwamsha. Nikasema nitayahifadhi maziwa, nimnyonyeshe kote kuwili pale pale mlangoni kwa nesi, kisha apande mizani akiwa na shehena. (Naam, nilikusudia kuidanganya mizani. Msinihubirie.)

Tukaondoka, mimi nimembeba Hemedi usingizini, Mize kambeba Sefu, Bi Kazija kakibeba kikapu chenye kopo. Mpaka tunayapita majamvi ya karafuu pale karibu na maduka, kifua kilikuwa kimekaza kama madafu mawili. Nilikuwa natembea kama niliyebeba mayai. Bi Kazija akaniuliza, "Mbona wenda hivyo?" Nikamwambia kiatu kinabana. (Nilikuwa pekupeku.)

Tukafika kwa nesi, tukakuta baraza imejaa akina mama. Ndani nesi, na mizani ya karafuu aliyoazimwa na mnunuzi wa jirani, maana ile ya watoto ilivunjika njiani. Kila mtoto aliyeshuka alikuwa ananukia karafuu. Nje, mezani, amekaa karani kijana kutoka Unguja, miwani puani, daftari kubwa mbele yake, kalamu ya kuchovya mkononi. Mimi nikatafuta pembe nikae nimnyonyeshe Hemedi. Muda nilikuwa nao tele, watu kumi na zaidi walikuwa mbele yetu.

Bi Kazija hajui foleni.

"Nipisheni! Huyu mke wa mwanangu kasoma mpaka juu! Aandikwe mwanzo!"

Akanisukuma. Kufumba na kufumbua nimesimama mbele ya meza, Hemedi bado kalala, shehena bado iko gatini. Walionitangulia waliulizwa nini, walijibu nini, sikusikia hata neno.

"Jina la mama?"

"Zuwena binti Hamadi."

"Mtoto?"

"Hemedi bin Salumu. Miezi mitano."

Akaandika. Akachovya kalamu. Hakuinua macho.

"Maziwa?"

"Ninayo," nikasema.

"Yako wapi?"

Yako wapi! Niambieni nyinyi, maziwa ya mwanamke huwa wapi? Huanikwa uani?

"Yapo mahali pake," nikamjibu, kwa ubaridi.

"Umekuja nayo?"

"Nitayaachaje nyumbani, bwana?"

"Vizuri sana. Basi nioneshe, niyaandike."

Damu ikanipanda kichwani.

"Wewe bwana! Umevuka bahari yote hiyo kuja kutaka kuona maziwa ya wake za watu? Na uyaandike! Utaandika nini, urefu au upana?"

Kalamu ikasimama. Mimi nikianza huwa sishukiki, mnajua.

"Mamako hana? Kamwambie yeye akuoneshe, ujaze daftari zima! Tena mbele ya mama mkwe wangu! Huna haya, huna soni, na miwani umevaa uone vizuri!"

Hayo niliyasema kwa Kiswahili cha shule. Kisha nikayarudia kwa Kipemba, kwa faida ya waliokaa nyuma. Kisha kwa Kiingereza, ili na serikali isikie. Karani kinywa wazi, wino unadondoka kwenye ncha ya kalamu, tone, tone.

Hapo nikasikia sauti ya Bi Kazija nyuma yangu.

"Kopo, weye Zuwena! Yuataka kuliona kopo!"

Nikageuka. Bi Kazija kaliinua kopo juu kwa mikono miwili. Na nyuma yake, mama mmoja kashika kopo. Wa pili kashika kopo na chupa. Wa tatu kopo. Kumbe waliagizwa waje nayo! Nikalitazama daftari. Juu ya safu pameandikwa, kwa hati nzuri kabisa: "Maziwa anayopewa mtoto (aina)."

Ardhi ya Mtambile haipasuki ikammeza mtu. Nimejaribu.

Baraza nzima ikaangua kicheko. Kile kicheko cha wanawake peke yao, cha kupigana mapaja. Mama mmoja alilala kabisa juu ya mkeka. "Urefu au upana!" "Yallah, urefu au upana!" Kwa makelele hayo Hemedi akaamka, akalia.

Na nyinyi ambao hamjazaa, nawapa elimu ambayo haimo vitabuni: maziwa hayangoji amri yako. Mtoto akilia yanashuka yenyewe. Nikaona kwenye gauni langu madoa mawili ya mviringo, yanakua. Kama kisahani. Kama sahani. Nikashusha kanga, nikakaa kwenye ncha ya bao la kukalia kando ya meza, nikampa karani ubavu, nikamwingiza Hemedi chini ya kanga. Akashika. Lo, raha ile! Nikafumba macho. Nikasema aibu imepita, sasa ni mimi na mwanangu.

Karani, maskini, ana adabu zake. Akainama upande wangu, akasema polepole:

"Mama, niwie radhi. Nilikuwa nauliza kopo tu."

Hemedi anapenda sauti za wanaume. Akisikia sauti nzito hudhani ni babake. Basi aliachia, akageuza kichwa amtazame, na kwa mkono wake mmoja akaivuta kanga.

Mtoto aliondoka. Ziwa halikupata habari.

Mchirizi ule, wenzangu! Tangu alfajiri ulikuwa unangoja! Uliruka meza, ukampiga karani kioo cha kushoto cha miwani, ukashuka kwenye daftari, juu ya wino mbichi, juu ya jina langu mwenyewe. Zuwena binti Hamadi akaelea, akachuruzika mpaka chini ya ukurasa.

Nikavuta kanga. Karani akavua miwani, akaifuta kwa mkono wa kanzu, akaivaa tena. Akachukua kalamu.

"Nimeyaona, mama," akasema. "Yapo."

Sitaki kueleza kicheko kilichofuata. Mpaka wauza samaki wa upande wa pili waliacha samaki wao wakaja kuuliza.

Nesi akatoka mlangoni, akauliza kwa Kiingereza kuna nini. Karani akanitazama. Mimi nikatazama miguu yangu. Shuleni tulifundishwa kueleza kwa Kiingereza milima, mito na hali ya hewa. Jambo hili hatukufundishwa. Nikamjibu kwamba palitokea manyunyu ya ghafla. Nesi akatazama mbingu, nyeupe pe. Akatazama miwani ya karani. Akatazama gauni langu. Akashika mlango kwa kucheka.

Basi tukapimwa. Hemedi akapanda mizani na nusu ya shehena, nusu nyingine iko serikalini. Kisha akapanda Sefu.

Sefu akamzidi kwa ratili nzima.

"Nilisema!" Bi Kazija akalipiga kopo kofi. "Nilisema mie!"

Hapo, wenzangu, nilikaa kitako. Nilimkumbatia Hemedi, naye ananukia karafuu, nikahesabu hatua za kurudi nyumbani, na ile sauti ya kopo likitobolewa nikaisikia kabla halijatobolewa. Miezi mitano nimemlisha mimi. Kila kinundu cha mkono wake kimetoka kwangu. Na leo nakatazwa kwa ratili moja!

Lakini nesi alikuwa hajamaliza. Alimbonyeza Sefu kidole gumba kwenye muundi. Akaondoa kidole. Shimo likabaki. Akambonyeza Hemedi paja. Nyama ikarudi pale pale, na Hemedi akampiga nesi teke la tumbo. Kwa kuwa karani alikuwa anaanika daftari juani, nesi akaniambia mimi nitafsiri. Mimi!

Nikasimama na gauni langu lililorowa, nikatafsiri kwa sauti ya kufika barabarani:

"Anasema, huyu kajaa maji. Huyu kajaa nyama. Anasema mizani haijui kutofautisha, yeye anajua."

Akamuuliza Mize anachanganyaje maziwa. Mize akajibu chini kwa chini: kijiko kimoja kwa kikombe kizima, ili kopo lifike mbali. Chupa huisuuza kisimani. Na Sefu tumbo linamwenda siku ya sita leo. Nesi akampa dawa, akamwambia arudi naye kila wiki mpaka uvimbe uishe. Akasema maziwa ya mama hayataki moto, hayataki kijiko, nzi hawayafikii, hayachachi, na yana dawa ndani yake ambayo hakuna kiwanda kinachoijua.

Nimeyangoja maneno hayo miezi mitano, tena yatoke kinywa cha serikali. Nilikusudia kuyatafsiri mara tatu. Nikamwona Mize machozi yanamdondokea Sefu usoni, nikayatafsiri mara moja tu. Mize hakuyaacha maziwa yake kwa kiburi. Alipojifungua alishikwa na homa, yakakatika, na kila mtu akamwambia usijali, kopo ni bora zaidi. Bora! Hasira yangu yote ikahamia kwa yule mtoto mnene wa kwenye kopo. Yeye hajaharisha hata siku moja, kachorwa!

Bi Kazija akaliweka kopo chini. Akamchukua Sefu mikononi mwa Mize, akaja mpaka nilipokaa, akamlaza mapajani mwangu.

"Mpe," akasema.

"Mama?"

"Mpe, mwanangu. Mpe hayo hayo ya vitabu."

Sefu kwanza alinitazama kama anayetafuta chuchu ya mpira imekwenda wapi. Akatafuna. (Uchungu huo nitawaeleza siku nyingine, si kwa barua.) Kisha akashika. Akavuta mpaka vidole vya miguu vikamkunjuka, na Hemedi upande wa pili analalamika kwa nini hakuulizwa. Nesi akamwambia Mize naye amweke mtoto kifuani kila siku, huenda yakarudi. Mpaka yarudi, Sefu ni wangu asubuhi na jioni. Bi Kazija kasema nihakikishe ashibe mara tano kamili kama dini inavyotaka, wawe ndugu wa ziwa moja, pasiwe na wa kuuliza.

Njia nzima ya kurudi ametangaza. Kwa jirani wa kwanza, mchirizi ulifika mezani. Kwa wa pili, ulifika ukutani. Tulipoingia kwetu ulikuwa umevuka barabara ukapiga mnazi. Salumu kaja mbio kuniuliza kama ni kweli, mamake akamjibu, "Ukae naye kwa adabu."

Na kopo? Tumelinywea chai adhuhuri hii, nyumba nzima. Chai yake tamu, sikatai. Huko ndiko mahali pake.

Daftari lile litafika huko Unguja, na wakubwa watalikagua. Mkabala na jina langu, lile lililochuruzika, karani ameandika kwenye safu ya maziwa: "Ya mama." Pembeni ameongeza: "Yameonekana."

Basi msicheke. Nasema msicheke, na wewe Salma hasa. Nakuja huko baada ya Idi, na sasa nina shabaha.

Mwenzenu,
Zuwena