Mionzi ya Mlingoti na Kuku wa Naitiri

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye ametuma udhuru, mwakilishi wa Mgeni wa Heshima, ambaye naye bado yuko njiani kutoka Bungoma, Bwana Chifu, Naibu wa Chifu pamoja na kofia yake mpya, wachungaji wa madhehebu yote, yaliyosajiliwa na yanayosubiri, akina mama wa Naitiri, nguzo za taifa, na mimi mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Mtarajiwa Hesbon Mukhwana, Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Mionzi na Viumbe Hai: mulembe! (Umati: "Mulembe!")

Ndugu wananchi, tangu ule mlingoti wa simu usimamishwe pale karibu na kituo cha maziwa, malalamiko yamenifikia ofisini, barabarani, hadi kanisani katikati ya maombi, kwamba kuku wenu wameacha kutotoa, mayai yanaozea chini ya koo anayeatamia, na jogoo wa Mzee Wepukhulu anawika saa nane mchana. (Mzee Wepukhulu: "Si uongo, bana!") Serikali si kiziwi. Niliunda kamati, nikajiteua mwenyekiti bila kupingwa, tukafanya wakshopu, tukapanga strateji, na tukatimiza asilimia mia moja na kumi na nne ya malengo yetu, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa na kamati yoyote ya kuku kusini mwa Sahara. (Makofi kutoka meza kuu.)

Mnakumbuka kila boma lilitoa kuku mmoja apelekwe Kitale, kwenye Kituo cha Kisasa cha Utafiti wa Mionzi, tujue inawadhuru vipi. Niliwabeba kwa mikono yangu hii, wawili wakaninyea suti kwa ajili ya sayansi. Sasa wale wachochezi wanaouliza mbona kuku hawajarudi... (Mama mmoja anatoka upande wa sufuria za wageni, mwiko mkononi.) Haya, Mama Nabwile, sema, lakini kwa ufupi.

(Mama Nabwile: "Mheshimiwa, nilikupa yule koo wangu mweusi, mwenye uzi mwekundu mguuni. Ulisema ati ni wiki moja tu. Jumamosi wakwe wa binti yangu Joy wanakuja kutoka Suam, na kwangu hakuna kuku mwingine. Nitawawekea nini mezani? Si unajua mkwe hapewi kuku wa sokoni! Wataenda wakisema hapa hakuna boma. Mimi nataka kuku wangu." Akina mama: "Mrudishie!")

Mama, tulia. Mkwe wa Joy ni mkwe wa serikali. Kuku wako aliingia katika historia. Niwafafanulie kitaalamu: mionzi ya mlingoti na ile ya mashine iitwayo maikrowevu ni ukoo mmoja, isipokuwa ya mlingoti inakaa mbali nawe, na ile ya mashine unafungiwa nayo ndani. Hutikisa maji yaliyo mwilini mwa kiumbe mpaka kiumbe kipate joto. Tulipoweka sampo zetu kwenye mashine, baada ya maandalizi ya kawaida ya kisu na maji moto, matokeo yalikuwa dhahiri: asilimia mia moja waliacha kutaga, nyama ililainika, ngozi ilikataa kuwa kahawia, jambo linalohitaji utafiti zaidi, hivyo baadhi wakamaliziwa kwenye mafuta, na majirani, kwa kuvutwa na harufu, walijitokeza kwa wingi kama stekholda. Firigisi, kwa heshima ya mila zetu, zote ziliwasilishwa kwa mwenyekiti. (Sauti kutoka nyuma: "Woi! Kumbe wamewala!")

Utulivu tafadhali! Nani ametaja kula? Ile ilikuwa tathmini shirikishi. Tena awamu ya pili inakuja, na itahitaji ndama. (Zomeazomea. Watu wanasimama.) Ketini! Mionzi oyee! Kuku oyee! (Mzee Wepukhulu: "Kuku gani?")

Basi nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru fundi wa simu aliyenieleza jana kwamba mlingoti wetu haujawahi kuunganishwa na umeme hata siku moja. Suala hilo tutaliundia kamati. Kwa namna ya pekee namshukuru mke wangu Sally, ambaye ndiye mkurugenzi, mtafiti na mpishi wa Kituo cha Kisasa, kwa kuwa Kituo ni jiko lake pale Kibomet, Kitale, na ile maikrowevu ni zawadi ya harusi yetu. Mpeni pole: uzi ulimkwama kooni wakati wa tathmini, ila sasa anaendelea vizuri.

Na isisemwe kwamba serikali hudhulumu mwananchi. Mama Nabwile, uzi wako mwekundu huu hapa mfukoni, umeoshwa na kukaushwa. Njoo uupokee mbele ya mashahidi. Asanteni sana, na Mungu awa... Mama, nimesema njoo. Sijasema uje na mwiko.