Nadhiri Yangu ya Kimya

Jumatatu, 4 Novemba
Jumapili wazee wa mtaa wetu hapa Rishikesh watachagua mwalimu wa yoga ya alfajiri, kule kwenye ngazi za mto Ganga. Ni mimi. Nani mwingine? Bi Vimla Rawat, yule mkunga mstaafu, eti amefundisha miaka kumi na mmoja! Kufundisha si utakatifu. Mgongo unaniua, kweli, lakini hilo halimhusu mtu.

Jumanne, 5 Novemba
Mbinu imepatikana. Nimeweka nadhiri ya kimya! Siku tano bila neno. Mtu akinyamaza hapa kwetu, watu humwogopa. Nilimwandikia mke wangu Godavari kwenye kibao. Akasema, "Haya Baba Dipu, nadhiri hiyo nimeiombea miaka thelathini." Nimemsamehe.

Alhamisi, 7 Novemba
Godavari aliuliza kama nataka chapati za viazi. Nilipokuwa bado natafuta chaki, akampa jirani. Lakini sokoni watu wawili wameniita Guruji, mwalimu mtukufu. Wawili!

Jumamosi, 9 Novemba
Siku ya ajabu! Alfajiri nilikaa mkao wa yungiyungi ngazini, miguu imepishana juu ya mapaja, mbele ya darasa zima. Saa nzima. Darasa likaisha, nikataka kuinuka. Wapi! Magoti yamekwama, mgongo umekaza kama mbao. Nipige yowe na nimeweka nadhiri? Machozi yakanitiririka. Mama mmoja akapaza sauti: "Jamani, njooni! Anamwona Mungu huyu!" Wakanivika mashada ya maua mpaka masikioni. Wakanipakatisha mtoto mchanga nimbariki. Mnene!

Ndipo Bi Vimla akaja. Akainama, akanigusa miguu kama mtu anayemheshimu guru wake. Watu wakashusha pumzi. Kumbe ananinong'oneza: "Pumua, mdogo wangu. Goti la kushoto kwanza. Sisemi kwa mtu." Akanibonyeza mahali fulani kiunoni. Nikafunguka. Nilitaka kumbusu mikono.

Jumapili, 10 Novemba
Nimeshinda! Wazee wote, sauti moja. Walisema kama mwalimu mwenyewe amenigusa miguu mbele za watu, wao ni nani wabishe? Bi Vimla alinitazama, akingoja niseme kitu. Nilikuwa na la kusema, tena lilinifika kooni. Nikaamua kuongeza nadhiri siku moja. Akakunja mkeka wake, akanipongeza, akaenda zake.

Godavari anasema nina uso mkavu. Hajui mambo ya roho. Mgongo hauumi tena hata kidogo. Hizo ndizo nguvu za kimya!

Kesho wanafunzi arobaini watanisubiri. Nimempelekea Bi Vimla barua aje akae mstari wa mbele, karibu nami kabisa. Mwanamke mnyenyekevu vile, akipata mwalimu mzuri, atafika mbali.