Utenzi wa Kuluthum na Ualimu Wangu

Jumatatu, 3 Machi 1947
Changamwe. Mgongo wauma. Makaa ya reli leo hayakubebeka. Hata hivyo nimefanya jambo la akili. Nilimkuta Bi Mwanatabu, mwenye nyumba yangu, analia jikoni. Mwalimu Obeid wa chuo cha Kurani amesema bintiye Kuluthum ni mzito, herufi hazimwingii. Ijumaa asiposimama mbele ya wazee akausoma utenzi wa kale, atatolewa chuoni, nafasi apewe mwingine. Nikasema niachieni mimi. Nilifika darasa la tatu kwa wamisheni, kwetu Maragoli. Obeid huniita kuli. Ijumaa ataniita mwalimu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeazima utenzi uliochapwa kwa herufi za Kizungu. Mwanzo wake: Ndoo ukae na mimi. Nikamfafanulia Kuluthum kwamba mshairi alikuwa mpweke, hana rafiki ila ndoo yake ya maji. Nilimhurumia sana. Mimi pia chumbani nina mkeka na ndoo tu.
Mtoto akacheka mpaka akashika mbavu. "Mjomba Gershom, wallahi, ndoo ni njoo! Hata mama huniita hivyo."
Nikamwambia mamake anakosea.

Jumatano, 5 Machi
Nilimsomea utenzi wote, kisha nikampa kitabu. Kimeshindikana. Kuluthum anasema herufi zinatembea kama sisimizi, akishika moja nyingine imekwenda. Nikamwamuru aitazame kwa ukali. Akaitazama kwa ukali. Haikusimama.
Obeid alipita barazani, akauliza kama siku hizi kuli anapakua beti badala ya makaa. Jibu zuri lilinijia baadaye, nikiwa msalani.

Alhamisi, 6 Machi
Nilichoka, nikamsomea tu huku nimelala chali, naye anasuka ukili wa mkeka. Nilipokosea neno akalisahihisha. Nikamwuliza amelijuaje. Akasema amelisikia jana. Nikamwambia endelea basi. Akaendelea! Vidole vinapinda mnyaa wa ukindu, ubeti unatoka. Vinapinda tena, unatoka mwingine. Nikamnyang'anya ukili ili akazanie masomo, akawa bubu. Nikamrudishia, utenzi ukarudi. Sijaona kichwa kama hiki, wala misheni, wala reli. Ningekuwa nacho mimi, nisingebeba makaa.
Lakini tahadhari ni bora. Kesho nitajibanza chini ya dirisha la chuo nimnong'oneze.

Ijumaa, 7 Machi
Nilijibanza. Kuluthum alisimama na ukili wake, sauti nyembamba, haitetemeki. Alipotua kuvuta pumzi nikaogopa amesahau, nikamnong'oneza ubeti.
Akajibu kwa sauti, wazee wote wakisikia: "Bado, mjomba. Huo uko mbele."
Obeid akachungulia dirishani. Akauliza kuli anatafuta nini kwenye mibaazi. Nikasema nimeangusha kofia. Akasema iko kichwani.
Kuluthum hakujali. Alikwenda mpaka mwisho, na mzee mmoja akajifuta uso kwa kilemba. Obeid akadai afungue kitabu, asome kwa macho. Yule mzee akamwuliza yeye utenzi huu alifunzwa na kitabu au na nyanyake. Obeid akakifunga kitabu. Mtoto amebaki chuoni. Bi Mwanatabu amelia tena, safari hii akicheka. Mimi nilikuwa na majani ya mibaazi masikioni, na nafsi yangu imejaa tele.

Jumapili, 9 Machi
Obeid bado ananiita kuli. Ni wivu. Kuluthum ameomba tuanze utenzi mwingine, maana mjomba humfanya akumbuke. Amesema hasa ninapofafanua maneno. Nilijua.
Leo tumefika mahali mama anamzika mwanawe, na matozi yakammiminika mashavuni. Nikamweleza kwamba matozi, kama kila mfanyakazi ajuavyo, ni kodi: hata matangani serikali haikumhurumia mama wa watu, ilimtoza papo hapo.
Mtoto akageukia ukuta, ukili mdomoni, mabega yakimtetemeka muda mrefu.
Ana moyo mwepesi, maskini. Sikutaka kumkatiza. Si kila mwalimu awezaye kumgusa mwanafunzi hivyo.