Yah: Kunyimwa Marahaba na Mashine Yenu ya Usaili

Violeth Akonaay,
Masakta, kupitia Katesh.
16 Machi 2026

Mheshimiwa Meneja Uajiri,

Shikamoo. Nimeacha nafasi hapa chini kwa ajili ya marahaba yako.

...............................

Asante. Jumanne iliyopita, tarehe 10 Machi, kuanzia saa nne kasoro dakika tatu hadi saa nne na dakika sita asubuhi, nilipoteza kazi ambayo bado sikuwa nimeipata. Ni ile nafasi moja ya mchambuzi wa data, ngazi ya kuanzia. Mtihani wa takwimu mlinipa 94. Usaili wa kwenye simu mlinipa 0, na mkaandika: "Mwombaji hakuzungumza."

Nilizungumza. Nilisema shikamoo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwenye kioo cha simu alitokea mzee mwenye mvi na koti la kijivu. Nikamwamkia, nikainamisha macho kama nilivyolelewa, nikangoja. Hakuitikia. Kwetu huwezi kuanza kujieleza kwa mzee ambaye hajaitikia. Utaulizwa umetoka ukoo gani. Maswali yenu ni sita, kila moja sekunde tisini, jumla dakika tisa. Zote tisa niliziheshimu. Babu yangu aliwahi kukaa dakika nne kabla ya kuitikia kwa sababu alikuwa anatafuna, nikajua huyu wenu naye ana lake.

2. Msiseme sikujiandaa. Niliondoka Masakta alfajiri kufuata mtandao wa uhakika kwenye steshenari ya Kelvin, hapa Katesh. Nilizima sauti zote za simu ili meseji za kundi la kwaya zisituingilie.

3. Mnataka uzoefu. Haya. Kazi hii nimejifundisha mwenyewe, miaka miwili na miezi mitano, kwa simu yenye ufa. Nimepima madume ya ng'ombe 312 mnadani, futi ya kupimia ikizungushwa kifuani, nikaandika programu ya kukadiria uzito. Inakosea wastani wa kilo tisa. Mzee Gidamis, mfugaji wa huku bondeni, hukadiria kwa jicho tu na hukosea kilo saba, lakini yeye ana miaka sabini na moja na hajaomba kazi kwenu.

4. Kelvin ameniambia yule mzee si mtu, ni mashine, na tovuti yenu inasema ilizinduliwa 2023. Nimepiga hesabu. Mimi nina miaka 26, yenyewe mitatu. Kumbe nimemwamkia mtoto! Shikamoo yangu irudishwe. Na kwa kuwa waombaji tulikuwa 1,140, na sidhani kama kuna aliye chini ya miaka mitatu, mashine ituamkie wote, mmoja mmoja.

5. Na yenyewe hii si kazi yake ya kwanza? Nani aliisaili? Iletwe Katesh siku ya mnada, Mzee Gidamis aioneshe dume mmoja, iseme uzito kwa sekunde tisini. Ikishindwa, kiti chake nipewe mimi kuanzia Aprili mosi. Nitawaitikia waombaji wote.

Mheshimiwa, mama yangu Imakulata ameshaniombea safari njema ya kuja huko kazini, kwenye sala za jumuiya, mara mbili. Kila Jumamosi wanajumuiya wananiuliza mbona bado nipo. Mara ya tatu sina uso wa kuombewa.

Kwa hiyo nijibiwe moja kwa moja: nilishindwa kuzungumza, au nilinyimwa marahaba? Nangoja hadi Ijumaa tarehe 20, saa sita kamili mchana.

Nisalimie wote hapo ofisini, mlinzi wa getini, na watoto nyumbani. Mashine siisalimu, ni zamu yake.

Mimi, niliyengoja dakika tisa,
Violeth Akonaay

N.B. Nimempa Kelvin video ya kioo cha simu, mimi na mzee, niliyoirekodi siku ile, aiambatanishe kama ushahidi. Ameifungua na sauti. Yule mzee ni mkurugenzi wenu mwenyewe, alirekodiwa mapema, na alijua tutamwamkia. Mashine inatoa alama tu. Sekunde ya pili anasema: "Marahaba mwanangu, marahaba. Inua uso tuzungumze." Kelvin amecheka mpaka wateja wamejaa mlangoni: "Dada Vio, mzee anakuita, wewe unahesabu vidole vya miguu!"

Futeni namba 1 hadi 5. Ila maswali yote sita sasa nimeyasikia, na nayaweza. La tatu linauliza: ufanye nini data isipofika? Jibu: kwanza hakikisha hukuzima kifaa mwenyewe.

Ijumaa, saa sita. Sauti nimewasha.