Kisanduku Kinachokataa Kulala

Jumatatu, 14 Julai
Aibu! Betri ya nyumba imekata tena mchana, mama mkwe wangu Hajja Nazira akiwa katikati ya usingizi. Mwenye jenereta ya mtaa huizima saa hizo kupumzisha injini, tukabaki na betri tu, na joto la Julai hapa mji wa bandari wa Mina halina huruma. Feni ikasimama. Mama mkwe akatoka chumbani kalowa chapa chapa, akasema ameota yuko motoni na bawabu wa huko ni mimi.

Mke wangu Ilham hakutaka ushahidi. Kidole moja kwa moja kwenye kisanduku changu cha kuhifadhia video chini ya televisheni. Diski zake zinanguruma kutwa, zinanyonya betri. Kinatakiwa kulala chenyewe kikiachwa muda bila kusumbuliwa. Hakilali! Hukumu: kisipolala kabla ya Ijumaa, kaka yake, Nabih, anakichukua. Nabih anauza kamera za ulinzi. Atazifuta diski azitumie dukani. Na humo ndimo zilimo harusi zote nilizopiga video maisha yangu yote. Nusu ya mtaa huu imeolewa mbele ya kamera yangu! Nakala nyingine sina. Chakula hakikupita. Kibe tatu tu, vile vitonge vya nyama na ngano.

Jumanne, 15 Julai
Mchawi nimempata. Abu Tamim wa ghorofa ya juu! Nilimpa neno la siri la intaneti, mkewe hutuletea kibe. Bila shaka televisheni yake inapekuapekua kisanduku changu. Nikambana kwenye ngazi. Akaapa kwa kaburi la mama yake. Mama yake yu hai, jana nilimwona akinunua kotimiri! Nimebadilisha neno la siri. Mchana harufu ya kibe imeshuka ngazi peke yake, bila sinia. Kisanduku bado macho. Kumwomba radhi? Kwa lipi? Tuhuma ilikuwa nzuri.

Jumatano, 16 Julai
Sasa namshuku wa ndani: televisheni yetu. Nimeing'oa waya. Tamthilia ya Hajja ikakatika pale bibi harusi anapofungua barua. Hajja haongei nami. Ameketi mbele yangu, lakini anamtuma Ilham aniambie nisogeze mguu.

Kisanduku bado macho. Mimi sibahatishi, nina hakika. Kwenye simu nina ukurasa unaokiuliza hali yake nikiwa karibu nacho, chenyewe kinakwenda kuzichungulia diski na kunijibu. Mwanzoni nilikuwa nauliza mara moja moja. Leo nimeipanga simu iulize yenyewe kila dakika, hata nikiwa msalani. Jibu ni lile lile: macho. Kiburi gani hiki! Betri imekata. Hajja amemtuma Ilham aniambie neno ambalo sitaliandika.

Alhamisi, 17 Julai
Kimelala! Kimelala!

Ilham alikwenda kwa dada yake, akabeba simu yangu mkobani kwa makosa. Nimekaa mikono mitupu kama mfiwa. Ghafla ngurumo ikakoma, taa ya kisanduku ikazimika. Hajja kalala hadi jenereta iliporudi, akaamka akaniita mwanangu. Hajawahi! Siri ninayo mimi: asubuhi nilikitundikia shanga ya buluu ya kuzuia kijicho. Nani asiyeonea wivu kisanduku kama hiki?

Ilham aliporudi nikaidaka simu nijionee raha. Macho! Diski zikanguruma. Ilham akanitazama anavyomtazama muuza samaki. Akauliza, mtoto akilala, unamtikisa umwulize kama kalala? Basi, akasema, niache simu. Nikamweleza kwa upole kwamba mashine si mtoto. Nimetoka kununua shanga kubwa zaidi.

Ijumaa, 18 Julai
Nabih kaja baada ya sala, begi limeshafunguliwa zipu. Nikaomba anipe usingizi mmoja tu wa Hajja. Ilham akaninyang'anya simu, akaizima. Tukaketi mbele ya kisanduku. Taa yake ikazimika. Feni inazunguka, Hajja anakoroma. Nabih akaanza kulikunja begi. Nimeshinda!

Lakini ushindi usio na ushahidi ni ushindi gani? Ilham alikwenda kupika kahawa, simu akaiacha mezani. Nilitaka tu Nabih asome kwa macho yake kwamba kimelala. Nikaiwasha, nikafungua ukurasa. Diski zikanguruma chumba kizima. Betri ilikuwa kwenye pumzi za mwisho. Feni ikazubaa, ikasimama. Hajja akaniita kutoka ndani, safari hii si mwanangu.

Ilham kanipigania, Mungu ampe umri. Mapatano: kisanduku kikae dukani kwa Nabih. Kesho kikilala kutwa, kinarudi na harusi zake. Kisipolala, akifunga duka anafuta. Nimekisindikiza hadi langoni.

Jumamosi, 19 Julai
Ilham kaniambia nitulie tu, nisiguse kitu. Nimetulia. Nimempigia Nabih alipofungua duka: kimelala? Akafungua ukurasa: macho. Nikampigia baada ya chai. Macho. Nikampigia akiwa na mteja, akanambia shemeji, nihurumie. Alipoacha kupokea, nikapanda kwa Abu Tamim, nikameza kiburi, nikamwomba radhi, nikapiga kwa simu yake. Macho! Sasa wameona wenyewe? Simu yangu ilisingiziwa!

Nabih anasema anafunga baada ya saa moja, na pole, shemeji, nusu ya mtaa itabidi iolewe upya. Machozi yananitoka, siyaonei haya. Lakini saa moja ni muda mrefu, lolote laweza kutokea.

Nimemwambia aangalie tena.